Muhogo wa Dakika Kumi

Nchi yetu haina haja ya kutajwa jina. Kwanza, mnaijua. Pili, jina lenyewe hubadilishwa kila anapoingia rais mpya, na mabango ya barabarani huchelewa kubadilishwa, kwa hiyo ukiingia kwa mpaka wa kaskazini unakaribishwa katika nchi moja, na ukitokea kusini unaagwa na nyingine. La muhimu ni kwamba ni nchi yenye bahati. Ni sisi peke yetu duniani tulio na Wizara ya Ukweli wa Mapishi, na nataka niwaeleze jinsi ilivyotulea, maana wapo watu wenye domo wanaosema ilitaka kutuulia watoto.

Wizara ilizaliwa kwa sababu njema kabisa. Simu zilipoingia kila nyumba, wananchi waliacha kuwauliza mama zao, wakaanza kuiuliza simu. Bwana mmoja wa mtaa wa pili alielekezwa aoshe mchele kwa sabuni ya unga ili wali uchambuke vizuri, na harusi ya binti yake ikamalizikia kwenye foleni ya choo. Kijana mwingine aliyekuwa akitafuta mchumba alimpikia baba mkwe ndizi pamoja na maganda yake, kwa kuwa video ilisema vitamini zote zimo kwenye ganda. Mzee alikula kwa adabu, akamnyima binti kwa adabu ileile.

Serikali sikivu ikaona mambo hayaendi. Rais akaunda wizara, wizara ikaunda kamati, kamati ikapanda ndege kwenda ng'ambo kujifunza. Iliporudi, masanduku yake yalikuwa na nguo za watoto, vikaango visivyoshika chakula, na mashine moja ya kutoa Tiki ya Taifa. Mashine hiyo huhesabu watazamaji wa video, na wakifika idadi inayotakiwa hubandika alama ya kijani yenyewe, bila kuguswa na mkono wa mtu, ili upendeleo usipate pa kuingilia. Pishi lenye Tiki ni ukweli kwa mujibu wa sheria. Lisilo na Tiki ni uvumi. Na anayetilia shaka chenye Tiki ana kosa la uchochezi wa jikoni.

Kulikuwa na sharti jingine: aproni ya mpishi isiwe na doa. Niliuliza kwa nini, nikaelezwa kwamba doa ni dalili ya kutokuwa na uhakika. Nikashukuru kwa kueleweshwa.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu, nacho ni mila. Hapa kwetu, iwe harusi iwe matanga, hakuna anayenyoosha mkono kwenye sinia kabla aliyepika hajamega tonge la kwanza, akalitia mdomoni mbele ya watu, akalimeza. Hilo huitwa tonge la mpishi, hata kama chakula chenyewe ni kipande cha muhogo. Watoto hufundishwa kulisubiri kabla hawajafundishwa kufunga vifungo vya shati. Wizara ililipiga marufuku kwa waraka mfupi: kumeza si kigezo cha kisayansi, na koo la mtu mmoja haliwezi kuwa na uzito sawa na macho ya maelfu.

*

Mwaka ule mvua ilitususa. Mahindi yakakauka yakiwa magotini, na ghala la Serikali likabaki na muhogo mchungu tu, ule ambao hata nguruwe pori huupitia mbali.

Muhogo mchungu kwetu hauhitaji mtaalamu. Kila mtu anaujua, kuanzia mchuuzi hadi jaji. Humenywa, huloweshwa siku kadhaa mpaka ulainike, huanikwa juani, ndipo hutwangwa ukawa unga. Ukiuharakisha unakusokota tumbo, unakutia kizunguzungu, na ukiwa na mwili mdogo unaweza kulala usiamke. Waziri wetu mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Mtengwa, alikuzwa kwa ugali wa makopa, yaani wa muhogo uliokaushwa hivyohivyo, kama sisi sote, na yale mashavu hayakutoka hewani.

Tatizo ni kwamba kulowesha kunataka maji, na Wizara ya Maji ilikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Ilikuwa na jengo la ghorofa, nembo, wimbo wake, hata chemchemi ya mapambo mlangoni, iliyojengwa kwa marumaru na kutiwa kokoto ndani ili isionekane tupu.

Hapo ndipo alipojitokeza Shefu Farijala, ambaye kwa bahati tu amemwoa binti wa Waziri. Alitoa video yenye jina la Muhogo wa Dakika Kumi. Anatabasamu, anamenya muhogo mchungu, anaukatakata, anautumbukiza kwenye sufuria, anafunika. Muziki unapigwa. Anafunua, na tazama! Muhogo mweupe, laini, umenyunyiziwa giligilani. "Achaneni na kulowesha," anasema. "Kulowesha ni ushamba!"

Watumishi wote wa umma waliagizwa kuifungua video hiyo kila asubuhi kabla ya kusaini mahudhurio. Mashine ikahesabu, ikabandika Tiki, na Waziri akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumedanganywa kwa muda mrefu kwamba adui yetu ni ukame. Utafiti umeonyesha kwamba adui yetu ni kulowesha."

Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga, maana ni raia mwema, na pia kwa sababu aliyekaa nyuma yangu alikuwa anaandika nani hapigi.

*

Sasa nimlete Bi Siwatu. Huyu ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, jirani yangu, mwenye hoteli ya mabati ambamo mimi hunywa chai. Msidhani ni bibi mnyenyekevu wa kujikunyata pembeni. Bi Siwatu hugombana na redio, na mara nyingi redio ndiyo inayonyamaza. Anajisifu kwa maandazi yake mchana kutwa, na ukila ukanyamaza atakuuliza ulimi wako una nini.

Nilimwonyesha video ya Shefu nikidhani atafurahi.

"Rudisha nyuma," alisema.

Nikarudisha.

"Simamisha. Hiyo sufuria anayoifunika, ina masikio mangapi?"

"Mawili, Bi Siwatu."

"Haya, peleka mbele. Na hiyo anayoifunua?"

Nikatazama. Ilikuwa na mpini mmoja mrefu, kama wa kikaango.

"Labda imebadilika kwa moto," nilisema, maana mimi hupenda kuiamini Serikali yangu.

"Na dirisha lililo nyuma yake? Akifunika, jua linawaka. Akifunua, nje giza, taa imewashwa. Dakika kumi gani hizo, baba, zinazoanza mchana zikaisha watu wameshaswali isha?"

Akaniamuru nimsomee watazamaji wanasemaje, nikasoma. Shefu, inaonekana tamu sana! Mate yamenijaa. Mikono yako ibarikiwe. Nitajaribu Jumamosi. Nikashuka, nikashuka, kidole kikaanza kuniuma.

"Nitafutie mmoja aliyesema amepika," alisema Bi Siwatu.

Hakukuwa na hata mmoja.

"Nitafutie aliyesema amekula, akashiba, akaamka kesho yake."

Hakuna.

"Basi hao wote wamekula kwa macho," alisema. Akatoa simu yake iliyopasuka kioo, akaandika chini ya video kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayeandika ubaoni: Shefu, wewe mwenyewe umeula?

Ni hayo tu. Hakutukana, hakukanusha, hakuweka hata alama ya hasira. Lakini kufika jioni watu walikuwa wameshaanza kuliiga swali lile. Chini ya video ya keki wakauliza, umeila? Chini ya picha ya Waziri akifungua bomba la maji wakauliza, umeyanywa? Chini ya tangazo la zahanati mpya mtu akauliza kama Mheshimiwa ametibiwa humo. Nchi nzima ikawa inauliza, na hakuna kitu kinachoichosha Serikali kama swali fupi.

*

Aliyetumwa kumkamata ni Sajini Mbonde, ambaye Bi Siwatu alimfundisha darasa la tano. Mimi nilikuwa hapo na kikombe changu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Uji upo."

"Mwalimu, nimekuja kukukamata."

"Kwani ukinywa uji utashindwa kunikamata?"

Sajini akaketi. Bi Siwatu akamimina uji kikombeni, akaonja funda moja kutoka kikombe kilekile, ndipo akampa. Sajini alikuwa amesubiri uonjwe bila kufikiri, mkono mapajani, kama alivyofundishwa na mama yake. Alipogundua kwamba amevunja waraka wa Wizara akiwa ndani ya sare, alitazama huku na huku, akanywa haraka.

Nilimsindikiza Bi Siwatu mpaka wizarani. Jopo la Ukweli lilikuwa limekaa kwenye viti virefu, Waziri katikati, na Shefu Farijala pembeni na aproni nyeupe inayoumiza macho.

"Bi Siwatu," alianza Waziri, "una wafuasi wangapi?"

"Wanaotazama au wanaokula?"

"Mtandaoni, mama!"

"Mtandaoni wananifuata wajukuu zangu, na mmoja amenifungia."

Jopo likacheka. Waziri akainua mkono.

"Shefu Farijala anafuatwa na nusu ya taifa. Wewe unafuatwa na wajukuu. Unapata wapi ujasiri wa kumuuliza?"

"Mheshimiwa, nimemuuliza kama ameula. Ni jambo la ndiyo au hapana. Angekuwa ameshajibu, nisingekuwa hapa nawapotezea chai yenu."

Shefu alikohoa, akasema swali hilo liko nje ya mkataba wake.

"Nilimfahamu marehemu mama yako, Mheshimiwa," aliendelea Bi Siwatu. "Alikuwa na pipa la bluu nyuma ya nyumba. Muhogo ulikuwa haumpiti bila kulowa. Naye alikuwa mshamba?"

Kwa muda mfupi nilimwona Waziri akiwa mtoto, amesimama karibu na pipa la bluu. Kisha akarudi kuwa Waziri.

"Mama yangu," alisema, "hakuwa na Tiki."

Hukumu ikasomwa. Siku ya Sahani ya Taifa, sikukuu ya Wizara, mbele ya kamera, Bi Siwatu angewapikia wanafunzi wote wa mji wetu Muhogo wa Dakika Kumi, kwa muhogo wa ghala la Serikali, bila kulowesha, chini ya ulinzi tangu kumenya hadi kupakua. Hukumu ilisisitiza kwamba katika chakula hicho hapatakuwa na neno lake wala wazo lake. Mapishi ni ya Shefu Farijala, uthibitisho ni wa Wizara, yeye atakuwa mikono tu.

"Na nikikataa?"

"Hoteli yako itavunjwa," alisema Waziri, "na atapika mwingine."

Bi Siwatu alitazama sakafu. Nilielewa. Hoteli angeiacha ivunjwe bila kuigeukia, lakini hilo la mwisho lilimfunga mikono. Akikataa, watoto watalishwa vilevile.

"Nitapika," alisema.

*

Wiki hiyo mlinzi wa ghala, mtu mwenye imani kubwa na Serikali, alipika kwa kufuata video ile. Alibebwa kwenda hospitali akitapika, na alipotoka miguu ilikuwa haimtii. Wizara ilitoa taarifa ikisikitika kwamba mgonjwa hakuitazama video mpaka mwisho.

Binti yangu, Mashavu, yuko darasa la pili. Ni mdogo wa mwili kuliko wenzake. Walimu wakuu walikuwa wametangaza kwamba mwanafunzi atakayekosa Siku ya Sahani hatafanya mtihani, na askari wangepita nyumba kwa nyumba kuwachukua hata walio wagonjwa. Hapa niacheni niseme wazi, maana nimewatania vya kutosha: niliogopa. Niliogopa mpaka nikamchukia Bi Siwatu kwa kusema atapika.

Nilimfuata hotelini. "Bi Siwatu, wewe ndiwe wa kuwapakulia?"

Alikuwa anasugua sufuria. Hakuinua kichwa.

"Mashavu umemfundisha mila?" aliuliza.

"Mila gani?"

"Ya sinia."

"Nani asiyemfundisha mwanawe hiyo?"

"Basi nenda kalale," alisema, "na umkumbushe."

*

Siku yenyewe uwanja ulipambwa vitambaa vya kijani na picha ya Shefu yenye ukubwa wa nyumba. Watoto waliketi kwenye nyasi kavu, wamezunguka masinia, wameshanawa mikono. Sisi wazazi tuliwekwa nyuma ya kamba. Mbele ilikuwa meza kuu, na juu yake soda, sambusa na maua. Mashine ya Tiki ilikuwa imeletwa pia na kuunganishwa na kamera, ili tukio lote lithibitishwe papo hapo.

Bi Siwatu alivaa gauni lake la ualimu lililopigwa pasi. Alimenya, akakatakata, akatumbukiza, akafunika, askari wakiwa wamemzunguka kama nyuki. Hakulowesha, hakuongeza, hakupunguza. Dakika kumi zilipokwisha alifunua. Ulikuwa mgumu, na harufu yake ilitufikia sisi nyuma ya kamba. Akina mama wawili watatu wakaanza kulia.

Akapakua kila sinia. Kisha akafuta mikono, akasimama.

"Watoto, karibuni chakula!" alisema mshereheshaji.

Hakuna aliyesogea.

"Karibuni! Kuleni, msione haya!"

Mikono yote ilikuwa mapajani. Watoto walikuwa hawamtazami mshereheshaji. Walikuwa wanamtazama Bi Siwatu mdomoni. Ndipo kitoto kimoja cha mbele, sauti nyembamba, kikasema kama anayemkumbusha mtu mzima aliyesahau adabu:

"Mpishi hajala."

Waziri alimgeukia Bi Siwatu kwa hasira. "Haya, mama, kula hilo tonge lako upesi, watoto wana njaa!"

"Mimi, Mheshimiwa?" alisema Bi Siwatu, na mikrofoni za kamera zilimchukua vizuri. "Mimi si mpishi. Ni mikono tu, mlisoma wenyewe kwenye hukumu. Mpishi ni Shefu, na aliyemthibitisha ni wewe."

Akachukua sahani, akaipeleka meza kuu, akaiweka mbele ya Shefu Farijala.

Shefu aliitazama sahani kama mtu aliyeletewa barua ya talaka. Alisema yeye ni mtayarishaji wa maudhui na huwa hali chakula akiwa kazini. Akaisukuma kwa Waziri. Waziri alisema amefunga. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma ya kamba kuuliza hiyo sambusa iliyong'atwa ni ya nani. Waziri akaisukuma sahani kwa Katibu Mkuu, ambaye jino lilimwanza wakati uleule. Mkurugenzi wa Tiki alipigiwa simu, ingawa hatukuisikia ikilia. Mkuu wa Itifaki alieleza kwamba kitaratibu hawezi kula kabla ya Waziri. Sahani ilizunguka meza nzima na kurudi ilikotoka, haijapungua hata kipande.

"Kuleni!" Waziri aliwafokea watoto. "Hii ni amri ya Serikali!"

Watoto wakaficha mikono mgongoni.

Sijui nani alianza huku kwetu. Ningependa iwe mimi. Najua tu kwamba nilijisikia nikipiga kelele mpaka koo likauma, na kamba ikakatika, na tulikuwa wengi tunaosema neno moja. "Mpishi hajala! Mpishi hajala!" Sajini Mbonde alikuwa ametumwa kutuzuia. Alisimama wima, macho mbele, na mdomo wake ulikuwa unatamka pamoja nasi.

Wakati huo mashine ya Tiki, ambayo haina baba mkwe, ilikuwa inahesabu. Nchi nzima ilikuwa inatazama sahani ile ikizunguka meza, watazamaji wengi kuliko ambao Shefu amewahi kuwaota. Ikalia kengele, ikabandika alama ya kijani. Tangu hapo, kwa mujibu wa sheria, ni ukweli uliothibitishwa kwamba Waziri wa Ukweli wa Mapishi hakuthubutu kuula muhogo ule, na yeyote anayelitilia shaka hilo ana kosa la uchochezi wa jikoni.

*

Bi Siwatu alishitakiwa, bila shaka. Hoteli yake ilivunjwa asubuhi iliyofuata, na sasa anakaanga maandazi yake juani, akiyasifu kama zamani. Kesi haijasikilizwa. Hakimu alitaka upande wa mashtaka umlete shahidi mmoja tu aliyekula Muhogo wa Dakika Kumi, aje kwa miguu yake mwenyewe. Serikali inaendelea kumtafuta. Ghala limefunguliwa, na akina mama wa mtaa wetu wanabeba maji ya kulowesha kutoka mbali, wakipita mbele ya ile chemchemi ya marumaru bila kuitazama.

Najua mtauliza, kwa haki kabisa, kwa nini mniamini. Hadithi hii haina Tiki, na shati langu lina doa la chai. Lakini mimi nilikuwepo uwanjani, na gazeti la Serikali ni shahidi wangu. Liliandika kwa herufi kubwa ukurasa wa mbele kwamba kwa sababu ya mwanamke mmoja mkaidi, wanafunzi wa mji mzima walirudi makwao na njaa.

Gazeti halikuongopa. Nilisimama langoni nikawaangalia wakipita, darasa kwa darasa. Mashavu alikuwa karibu na mwisho, mikono yake bado iko mgongoni, akaniuliza nyumbani kuna nini cha kula.

Walirudi na njaa. Walirudi wote.